Kesi ya Honi ya Nukazawa

Tsukuda Eikichi alikuwa mtu wa masikio. Sisemi kwamba yalikuwa makubwa, ingawa madogo nayo hayakuwa. Nasema aliishi humo. Miaka thelathini na minane aligonga mihuri kwenye posta ya Nukazawa, na miaka yote hiyo, kila siku ya mapumziko alipanda mlimani na kinasa sauti mgongoni, akajikunyata kwenye theluji kando ya reli, akafumba macho na kusubiri treni ipite. Wenzake wa chama cha wapenda treni walipiga picha, au walikusanya tiketi za zamani, au walipanda treni bila safari yoyote. Yeye alinasa sauti. Ungemfunga kitambaa machoni ukampitishia vichwa kumi vya treni, angekutajia kila kimoja kwa jina. Mkewe Sumie alikuwa akisema kwamba mtu huyohuyo, ukimwita mara tatu atoe taka nje, hasikii.

Mimi naitwa Orie, nina mkahawa mbele ya stesheni. Treni za mvuke zilituaga mwaka 1973. Siku hizi hupita za dizeli, nne kwa siku, na abiria wake wote nikiwakalisha kwangu viti hubaki. Walionifanya nisifunge mlango ni Chama cha Wakereketwa wa Reli ya Nukazawa: wazee kumi na wawili, kahawa moja kwa kila mtu, saa tatu za maneno. Mwenyekiti alikuwa Hachiya, mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, mpiga picha, mtu anayeamka alfajiri na kwa hiyo hufika akiwa tayari amekasirika. Katibu alikuwa Tsukuda.

Vuli ya mwaka ninaousimulia ilianza tamthilia mpya ya asubuhi, ile ya kila siku ya robo saa ambayo nchi nzima huitazama mswaki ukiwa mdomoni. Iliitwa *Binti wa Stesheni*. Ilihusu msichana wa mkuu wa stesheni mlimani, mwaka 1938, na treni zilikuwa ndani yake kuanzia dakika ya kwanza. Chama kiliniomba niweke televisheni ukutani. Nikanunua. Siku ya kwanza walifika wote saa mbili kamili, wengine na daftari, mmoja na saa ya kupimia sekunde. Sumie alikuja na leso.

Katika kipindi kile cha kwanza mama yake msichana alianguka kwenye jukwaa la stesheni, akamshika mwanawe mkono, akakata roho huku treni ikiingia. Nilikuwa nakaanga mayai, niliyaacha yakaungua. Sumie alilia hadi mabega yakamtikisika. Chama kikawa kimya, nami nikadhani, kumbe nao wana moyo.

"Mataruma ya zege chini ya reli!" akafoka Hachiya.

"Nimeyaona!" akasema Kuboyama, yule wa tiketi.

"Mwaka 1938! Mataruma yalikuwa ya mbao! Zege ilikuja baada ya vita!"

"Hachiya," nikamwambia, "mama wa watu anakufa, wewe unatazama mataruma?"

"Amefia kando yake, Orie. Nisiyaone kwa vipi?"

Ikawa hivyo kila asubuhi. Msichana alipochumbiwa, wao walikuwa wakihesabu misumari ya behewa. Kaka yake alipopelekwa vitani, mimi na Sumie tukashikana mikono nyuma ya kaunta, upande wa pili wakabishana juu ya kofia ya kondakta. Walikuwa na furaha kiasi ambacho sikuwahi kukiona. Ningesema walichukia tamthilia ile kwa mapenzi makubwa.

Tsukuda hakusema kitu wiki ya kwanza. Alikuwa akisubiri sauti. Ilikuja siku ya nane. Kwenye kioo kiliingia kichwa kile kikubwa cheusi tunachokiita Degoichi, mfalme wa mlima, kinafuka moshi kama nyumba inayoungua. Honi ya Degoichi ni nzito, hutoka tumboni. Ukiwa karibu unaisikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Lakini pale kwenye televisheni kilipopiga honi, ilitoka sauti nyembamba, kali, yenye kutetemeka mwishoni.

Tsukuda alikiweka kikombe chini.

"Mcheza sumo kafungua mdomo," akasema polepole, "kimelia kifaranga."

"Una hakika?" akauliza Hachiya.

Tsukuda alimtazama kama Sumie anavyomtazama yeye. "Hiyo ni C11. Kichwa kidogo cha njia za pembeni. Wamechukua mwili wa huyu wakatia koo la yule."

Zile kasoro nyingine zilikuwa mchezo. Hii ilikuwa matusi. Maana Degoichi na Nukazawa si jambo la utani, na kwa Tsukuda hasa lilikuwa kama msiba wa nyumbani. Kila mwaka, tarehe ya kumbukumbu, alitusimulia siku ile ya mwisho ya mvuke: jinsi umati ulivyojaa jukwaani, jinsi yeye alivyokwenda kusimama peke yake nyuma ya bohari ya makaa ya mawe akiwa na kipaza sauti chake, jinsi honi ya kuaga ilivyolia sekunde kumi na moja bila kukoma, naye akalia machozi mpaka yakaganda. "Ilikuwa kama haitaki kwenda," alikuwa akisema. "Tangu siku hiyo sijalia tena, hata baba alipofariki." Mkanda wa siku hiyo hakuwahi kuusikiliza. Aliogopa. Alipostaafu alitoa mikanda yake yote arobaini na mmoja kwa makumbusho ya mkoa, na huo ukiwemo, bado umefungwa kwenye kisanduku chake.

Basi akaandika barua kwa kituo cha televisheni. Wakamjibu: "Tunashukuru kwa mapenzi yako kwa kipindi chetu." Akaandika ya pili, na mchoro wa honi zote mbili. Wakashukuru kwa mapenzi. Hadi ya tisa alikuwa ameacha salamu.

"Wananitukana," akamwambia mkewe mbele yangu.

"Wanakushukuru, Baba Kanae."

"Mimi nimekuwa karani miaka thelathini na minane. Najua barua inayoshukuru na barua inayofunga dirisha."

Hachiya akapendekeza sahihi. Wakereketwa wana ndugu zao kila pembe ya nchi; zikakusanywa sahihi mia tatu na kumi na mbili, kutoka visiwa vya kaskazini hadi kusini kabisa. Gazeti la mkoa likamtuma mwandishi, naye akampiga Tsukuda picha ameweka kiganja nyuma ya sikio. Chini yake wakaandika: *Mzee asiyedanganyika*. Nilikata kipande hicho nikakibandika karibu na mashine ya kahawa, biashara ni biashara.

Na wakashinda. Wiki ya pili ya Januari Degoichi iliingia kwenye kioo ikanguruma honi yake yenyewe, nzito, ya tumboni. Wazee kumi na wawili walisimama. Kuboyama alipiga kelele za "banzai" na wengine wakaitikia. Hachiya akaenda mbio dukani akarudi na ndoo ya tofu ya moto, na saa tatu kasoro asubuhi wakawa wanakunywa sake kwenye vikombe vyangu vya kahawa. Tsukuda hakunywa sana. Alikuwa ameshaondoka ndani ya masikio yake akaja kukaa nasi, uso mzima unacheka. Sumie aliniuliza kwa sauti ya chini kama nilifuatilia kilichotokea katika kipindi chenyewe, maana kwa makelele yale hakusikia kama yule kaka amerudi hai.

Siku kumi baadaye aliteremka kwenye treni ya saa nne msichana mwenye koti la mjini na boksi la keki mkononi. Aliitwa Naruse, wa idara ya sauti ya televisheni. Aliinama hadi nikaona kisogo chake, akaomba aonyeshwe Mzee Tsukuda. Nikamwonyesha meza ya dirishani.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi ana kwa ana," akasema. "Ulikuwa sahihi. Tulilinganisha. Ni C11."

"Jambo la kawaida," akasema Tsukuda, naye amevimba kama mkate. "Kijana hawezi kujua. Hamkuwapo."

"Ni kweli, Mzee. Sisi tulisoma lebo tu. Sauti tuliichukua makumbusho ya mkoa, na lebo ilisema Degoichi. Sasa makumbusho wanataka kurekebisha ili kosa lisirudiwe, na mimi nimekuja kuuliza." Akafungua mkoba akatoa kisanduku cha mkanda, kile cha kizamani cha karatasi ngumu, akakisukuma mezani kwa mikono miwili. "Aliyetoa mkanda huu ana jina linalofanana na lako. Nikasema, labda ni ndugu."

Mwandiko wa karani wa posta haufichiki. Herufi zilikuwa zimesimama mstarini kama watu wa gwaride: *Degoichi. Honi ya kuaga. Stesheni ya Nukazawa.* Tarehe. Chini, jina kamili.

Kahawa ilichemka, nikasikia kila tone.

"Si ndugu," akasema Tsukuda. "Ni mimi."

"Nilidhani hivyo," akasema yule msichana, uso umemwiva. "Ila nilitamani niwe nimekosea."

Aliacha nakala ya mkanda wote kwenye diski, akapanda treni ya saa sita. Boksi la keki Tsukuda hakuligusa. Alikaa hadi wateja wa mchana walipoondoka, ndipo akaniomba niwashe mashine ya muziki ya mkahawa. Miaka thelathini na mitano alikuwa hajausikiliza mkanda ule, akaja kuusikiliza kati ya friji yangu na sinki.

Mwanzo ni upepo. Kisha watu, mbali, wanaimba. Kisha, mbali zaidi, kama ng'ombe anayelia ng'ambo ya mlima, ikasikika honi nzito, fupi. Ilipokata tu, karibu kabisa, karibu hadi spika zikakwaruza, ikajibu ile nyembamba. Ikalia, ikalia, haikomi. Nyuma yake ukisikiliza vizuri unasikia mwanamume kijana anavuta kamasi.

Tulisikiliza mara tatu.

"Kulikuwa na cha kusukuma," akasema Tsukuda mwishowe. "Kwa mlima huu na theluji ile, waliweka kichwa kidogo nyuma kisukume. Degoichi ilikuwa mbele, imepiga honi. Hiki cha nyuma kimeitikia. Mimi nilikuwa nyuma. Televisheni wamekata mwanzo, wakidhani ni kelele, wakachukua huyu."

"Lakini uliandika Degoichi."

"Lebo niliiandika wiki moja kabla. Mimi ni mtu wa posta, Orie. Bahasha huandikwa anwani kabla ya kutumwa."

"Kwa hiyo siku ile, miaka yote hii, ulikuwa unamlilia nani?"

"Usinitanie," akasema, akachukua kofia.

Mtu mwingine angenyamaza. Kisanduku kingerudi makumbusho, lebo ingebadilishwa kimyakimya, na sikio lingebaki gazetini. Lakini Tsukuda alikuwa katibu, na katibu huandika kilichotokea. Jumatano iliyofuata alisimama mbele ya chama akasema yote: mkanda ni wake, kosa ni lake, televisheni hawakuwa na hatia, na tena, mwisho kabisa, ile honi iliyofukuzwa ilipigwa kweli hapa Nukazawa siku ya kuaga, kwa hiyo ilikuwa na haki ya kusikika kuliko hii mpya iliyotoka kusikojulikana. Akapendekeza chama kiombe radhi.

Pakawa kimya kama mtu kajamba msibani.

"Kaa chini, Tsukuda," akasema Hachiya kwa upole. "Umechoka."

"Sijachoka."

"Nina picha thelathini na sita za siku ile. Thelathini na sita! Nionyeshe kichwa cha nyuma hata kwenye moja."

"Ulisimama mbele, Hachiya. Wote mlisimama mbele."

"Mimi nilikuwapo," akasema Kuboyama. "Nilisikia Degoichi, sekunde kumi na moja. Sauti nzito. Nimewasimulia wajukuu zangu."

"Uliisikia kwangu! Mimi ndiye ninayewasimulia sekunde kumi na moja kila mwaka!"

"Sasa unaniambia mimi sikusikia kwa masikio yangu?"

"Nakwambia hata mimi sikusikia kwa yangu."

Hilo lilikuwa neno zito, lakini halikumgusa mtu. Hachiya alifungua lile boksi la keki, ambalo bado lilikuwa kwenye kaunta, akalitazama kama ushahidi. "Keki za Tokyo," akasema. "Wamemnunua kwa keki."

"Hachiya, usinivunjie heshima. Tumefahamiana tangu shule."

"Na sahihi mia tatu na kumi na mbili? Tukawaambie nini watu wa watu?"

"Tuwaambie tumekosea."

Mzee mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha wakapiga kura. Kumi walisema siku ya kuaga hapakuwa na kichwa cha kusukuma, mmoja alikuwa amesinzia, na mmoja alikuwa Tsukuda. Kwa kura hiyo hiyo wakamwomba apumzike kidogo na kazi ya ukatibu. Alitoa muhuri wa chama mfukoni, akaupangusa kwa leso, akauweka mezani. Nikawanyima kahawa ya pili, wasinisamehe wakitaka. Baadaye, walipokwenda, keki nilizila mimi na Sumie. Zilikuwa za chestinati, nzuri sana.

Kuanzia hapo Tsukuda akawa anatazama tamthilia nyumbani, sauti imezimwa. Sumie akaja kutazama kwangu, upande wa maadui, kwa sababu alitaka kusikia maneno.

Jumapili moja ya Februari mpwa wangu Mihoko alinitembelea. Yeye ni mhudumu kwenye nyumba ya wazee huko bonde la pili. Tulikuwa tunamenya figili, ananieleza vituko vya kazini.

"Tuna babu mmoja, Dobashi, ana miaka themanini na saba. Tangu vuli, kila treni ikipiga honi kwenye ile tamthilia, yeye anainua mkono: 'Ndiye mimi huyo!' Daktari ameandika kwenye faili kwamba anasikia sauti yake mwenyewe kwenye televisheni. Basi tukamzoea. Ila mwezi uliopita kabadilika. Kaniuliza, 'Dada, wameniondoa kwa nini? Nimekosa nini?' Kisha kageuza kiti ukutani. Mpaka leo hataki kutazama, hataki hata mchuzi wake wa miso."

Kisu kilinitoka mkononi. "Kazi yake ilikuwa nini ujanani?"

"Reli, shangazi. Dereva."

Kesho yake nilifunga mkahawa, nikamchukua Tsukuda kwa kigari changu cha mizigo, maana mtu huyu wa treni hajawahi kuwa na leseni ya gari, na reli ya kwenda bonde la pili ilikwisha kung'olewa. Alivaa suti yake nyeusi. Njia nzima alishika kicheza diski mapajani kama sanduku la majivu ya marehemu.

Dobashi alikuwa mzee mdogo, mkavu, mwenye mikono mikubwa kama isiyo yake. Kiti chake kilitazama ukuta. Tsukuda alipiga magoti sakafuni nyuma yake asijue aanzie wapi, kisha, kwa kuwa maneno hayakuwa fani yake, akabonyeza.

Upepo. Nyimbo. Ng'ombe ng'ambo ya mlima. Kisha ile nyembamba.

Mkono ulipanda. "Ndiye mimi huyo," akasema Dobashi, bila kugeuka.

"Ni wewe, Mzee," akasema Tsukuda. "C11, ukisukuma nyuma."

Ndipo kiti kikageuka. "Wewe kijana wa nani?"

Tsukuda alikuwa na miaka sitini na mitano. Akajitambulisha. Akaeleza bohari, kipaza sauti, mkanda. Mwishowe akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni.

"Mzee, kanuni ilikuwa kuitikia kwa mkato. Wewe ulipiga sekunde kumi na moja. Kwa nini? Ulikuwa unaaga?"

"Kuaga?" Dobashi akakunja uso. "Kamba ya honi iliganda. Barafu. Niliivuta mara moja ikakataa kurudi. Nilikuwa naipiga teke na kutukana. Mtu wangu wa makaa alicheka hadi akaangusha koleo. Kesho yake nikapewa karipio la maandishi: kupoteza mvuke bila sababu."

Mihoko aliyekuwa mlangoni akaziba mdomo. Mimi nilitazama dirishani, kwa heshima. Tsukuda alikaa vilevile juu ya magoti, na nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, nikasema, maskini, miaka thelathini na mitano yote imemwangukia. Lakini alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika mguu wa kitanda. Dobashi akamtazama, naye akaanza, taratibu, kama injini ya baridi, na mhudumu mwingine akaja mbio akidhani kuna mtu amepaliwa.

Alipotulia, Tsukuda aliweka paji la uso sakafuni. "Aliyekuondoa kwenye televisheni ni mimi, Mzee. Niliandika barua tisa. Nikakusanya sahihi."

"Kwa nini?"

"Nilisema ni sauti ya kifaranga."

Dobashi alifikiri. "Ni ya kifaranga kweli," akasema. "Nilitamani miaka yote wanipe Degoichi, hawakunipa. Siku ile watu wote walitupita na kamera zao, mbio kwenda mbele. Hakuna aliyetugeuzia hata shingo. Wewe angalau ulisimama nyuma."

Tsukuda angeweza kuipokea hiyo na kwenda nayo nyumbani. Hakuweza. "Kusema kweli, Mzee, nilisimama pale kukwepa kelele zao. Sikujua kama upo."

"Haidhuru," akasema Dobashi. "Hiyo miso iko wapi?"

Wiki ile Mihoko alimlazimisha daktari afute maandishi kwenye faili. Alifuta kwa shingo upande, akasema ni mara yake ya kwanza kumponya mgonjwa kwa kugundua kwamba anachosema ni kweli. Tsukuda akaandika barua ya kumi kwa kituo cha televisheni, akiomba ile honi irudishwe. Wakamjibu kwamba kutokana na maoni ya watazamaji mia tatu na kumi na mbili, sauti ya sasa ndiyo sahihi, na kwamba wanashukuru kwa mapenzi yake. Naruse peke yake alimwandikia kadi kwa mkono: makumbusho wamekubali kuandika lebo upya, na jina la Dobashi litakuwemo, na la mtu wake wa makaa pia, kama litapatikana. Lilipatikana. Alikuwa amekufa miaka mingi.

Asubuhi moja, kabla hata sijawasha taa za nje, Hachiya aligonga mlango wa nyuma na kibakuli cha tofu ambacho sikukiagiza. Alikaa jikoni. Akatoa bahasha, na ndani yake negativu ya picha, na lenzi ya kukuzia.

"Nambari thelathini na nne," akasema. "Tazama huku pembeni, juu ya paa."

Nikatazama. Degoichi, umati, moshi mkubwa. Na pembeni, nyuma kabisa, moshi mwingine mwembamba umesimama peke yake.

"Ni moshi wa bafu la umma," akasema Hachiya.

"Bafu la umma liko ng'ambo ya mto."

"Upepo uliuleta."

"Moshi umesimama wima, Hachiya."

Akairudisha negativu kwenye bahasha, bahasha mfukoni, akavaa mabuti. Akiwa mlangoni akasema, "Orie, wewe hukuona kitu. Mimi ni mwenyekiti." Na tofu akaniachia. Ilikuwa ile laini kama hariri, anayowatengenezea wagonjwa. Sijui alitaka nimpelekee nani. Mimi niliipeleka kwa Tsukuda, nikasema imezidi dukani. Akaila, akasema mkono wa Hachiya haujachuja, hilo lazima akiri.

Machi chama kiligundua kwamba honi mpya ilinaswa kutoka Degoichi iliyotengenezwa mwaka 1943, ilhali hadithi ilikuwa ndiyo kwanza imefika 1941. Zikaanza kukusanywa sahihi. Karatasi ilizunguka meza zote, ikaletwa hadi nyumbani kwa Tsukuda, ikarudi na doa la chai mahali pa jina lake.

Kipindi cha mwisho kilirushwa Jumamosi. Nilimwachia Kuboyama funguo za mkahawa nikawachukua Tsukuda na Sumie hadi nyumba ya wazee, kwa kuwa Dobashi alikuwa amealika. Walikuwa wazee ishirini hivi mbele ya televisheni moja. Dobashi alisinzia kabla wimbo wa mwanzo haujaisha, akakoroma hadi kipindi kikaisha. Kwenye kioo theluji ilikuwa ikianguka juu ya stesheni, na mwanamume mwenye kofia iliyochakaa akateremka kwenye treni, akasimama, na msichana, ambaye sasa ni mama mtu mzima, akaangusha ndoo. Nyuma yangu watu wakaanza kuvuta kamasi.

Tsukuda, aliyekuwa ametazama karibu vipindi mia moja na hamsini, alimwinamia mkewe.

"Huyu mwenye kofia ni nani?"

"Kaka yake," akanong'ona Sumie.

"Ana kaka?"

"Nyamaza wewe!" akasema bibi mmoja mwenye miaka tisini, akampiga kofi la bega.

Akanyamaza. Alitazama hadi mwisho, sauti ikiwa juu, na treni ilipoondoka nilimchungulia kuona kama atasema kitu juu ya honi. Alikuwa akimuuliza Sumie, kwa ishara ya vidole, kaka huyo alikuwa wapi muda wote huo.